Kutua Wima: Hesabu Iliyozirudisha Roketi Duniani



Asubuhi ya tarehe 15 Aprili 2023, kwa saa za Afrika Mashariki, setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1 ilirushwa kwa roketi ya Falcon 9 kutoka kambi ya Vandenberg, California. Furaha yetu ilikuwa juu ya setilaiti, na ilistahili. Lakini dakika chache baada ya kuruka, hatua ya kwanza ya roketi ile, mtambo wenye urefu wa zaidi ya mita 40, ilijigeuza angani, ikarudi, na kutua wima kwa miguu minne karibu na mahali ilipoondokea. Haikuwa safari yake ya kwanza, wala haikuwa ya mwisho.

Hoja yangu jioni hii ni moja. Kupaa kwa roketi kunadai nguvu, na nguvu ya kiasi hicho hununuliwa kwa fedha nyingi. Kutua kwake wima, kwa upande mwingine, kuliwezekana kwa vitu viwili visivyohitaji utajiri wa dola kubwa: hesabu iliyofikiriwa kwa kina, na uvumilivu wa kuchunguza makosa madogo hadi yaishe. Vyote viwili tunaweza kuvifundisha hapa.

Ugumu wenyewe

Kwa miongo mingi roketi zilitumika mara moja tu. Sisi wenyewe tumekuwa majirani wa desturi hiyo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitaliano baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina la Uhuru. Roketi iliyoibeba, Scout, ilikuwa na hatua nne za mafuta magumu, ambayo yakishawashwa hayapunguzwi wala hayazimwi. Hatua za chini ziliishia katika Bahari ya Hindi, na hakuna aliyetazamia vinginevyo.

Kurudisha hatua ya kwanza kunakabiliwa na vikwazo vitatu. Cha kwanza ni uzito. Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule nchini Urusi, alichapisha mwaka 1903 mlinganyo unaoonyesha jinsi kasi ya roketi inavyotegemea mafuta iliyobeba. Falcon 9 ikiwa tayari kuruka ina uzito wa karibu tani 549, na sehemu kubwa mno ya uzito huo ni mafuta na oksijeni ya kimiminika. Mafuta yanayowekwa akiba kwa ajili ya kurudi hayawezi kutumika kusukuma mzigo, kwa hiyo anayetaka roketi yake irudi anakubali kubeba mzigo mdogo zaidi.

Cha pili ni mizani. Jaribu kuusimamisha mchi wa kutwangia wima juu ya kiganja: utaona mkono haupumziki hata kidogo, kwani kila mchi unapoinama nawe unasogea kuufuata. Injini za roketi inayotua ziko chini, mwili mrefu uko juu, na upepo unausukuma. Anayesahihisha ni kompyuta, nayo husahihisha mara nyingi katika kila sekunde.

Cha tatu ndicho kigumu kuliko vyote. Injini kubwa ya roketi haina uwezo wa kushushwa taratibu mpaka sifuri. Ina kiwango cha chini cha msukumo. Ukitaka chini ya hapo, lazima uizime. Hatua ya kwanza ya Falcon 9 ina injini tisa. Inapokaribia kutua matangi yake yako karibu matupu, na hata injini moja tu, ikiwa kwenye kiwango chake cha chini kabisa, inasukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa roketi yenyewe. Maana yake ni kwamba roketi hiyo haiwezi kuelea hewani ikitafuta mahali pazuri pa kushukia. Injini ikiwashwa mapema, roketi itasimama juu kisha itaanza kupanda tena. Ikichelewa, itajipiga chini. Ni lazima kasi ifike sifuri wakati uleule ambao kimo kinafika sifuri.

Walioanza

Wa kwanza kutua kwa namna hii hawakutua Duniani. Chombo cha Marekani kisicho na watu, Surveyor 1, kilitua Mwezini kwa kusaidiwa na roketi zake mwezi Juni 1966, na tarehe 20 Julai 1969 Neil Armstrong na Buzz Aldrin wakakishusha pale chombo cha Apollo 11. Mwezini mvutano ni takriban moja ya sita ya wa hapa, wala hakuna upepo. Mazoezi ya Duniani ndiyo yaliyokuwa ya hatari: tarehe 6 Mei 1968 Armstrong alilazimika kujirusha kwa kiti cha dharura kutoka kwenye chombo cha mazoezi kilichokuwa kimeshindwa kudhibitiwa karibu na Houston, Texas. Miezi 14 baadaye alikuwa Mwezini.

Kisha ikaja roketi ambayo wengi wameisahau. Kampuni ya McDonnell Douglas, kwa fedha za jeshi la Marekani, iliunda DC-X, chombo chenye umbo la koni na urefu wa mita 12. Tarehe 18 Agosti 1993, huko White Sands, New Mexico, DC-X ilipanda mita 46, ikasimama hewani, ikasogea kando zaidi ya mita 100, ikashuka na kutua kwa miguu yake. Safari nzima ilichukua sekunde 59. Miongoni mwa waliokuwa kwenye mitambo ya kuiongoza kutoka ardhini alikuwa Pete Conrad, mtu wa tatu kutembea Mwezini. Mwezi Juni 1996 roketi hiyo, ikiwa sasa chini ya NASA, iliruka mara mbili ndani ya saa 26. Ndipo watu walipoona kwamba roketi inaweza kutua leo, ikajazwa mafuta, na kuruka tena kesho.

Tundu katikati ya hesabu

DC-X iliweza kuelea. Roketi kama Falcon 9 haziwezi. Njia ya kuzishusha ilitafutwa kwanza kwa ajili ya sayari ya Mirihi, katika maabara ya Jet Propulsion Laboratory huko California. Swali lilikuwa hili: chombo kiko mahali fulani, kwa kasi fulani, na mafuta yake yana kikomo, kifuate njia gani ili kifike pale panapotakiwa kwa mafuta machache kabisa? Jibu lipatikane ndani ya chombo chenyewe, kikiwa kinaanguka.

Tatizo la hesabu hii linatokana na kile kiwango cha chini cha msukumo. Tuchore kwenye karatasi misukumo yote ambayo injini inaweza kuitoa, kila mmoja na upande wake. Tutapata duara lenye tundu katikati, kwa sababu misukumo midogo haipo. Tundu hilo linaharibu sifa muhimu: huwezi tena kuchukua machaguo mawili halali na kuwa na uhakika kwamba la katikati yake nalo ni halali. Sifa hiyo ikikosekana, kompyuta inaweza kuzunguka bila kujua kama jibu ililonalo ndilo bora, au kama litapatikana kabla ya kugonga ardhi.

Mwaka 2007 Behçet Açıkmeşe na Scott Ploen walichapisha njia ya kutoka. Waliongeza kigeu kimoja, tatizo likapanuliwa kwenye nafasi yenye kipimo kimoja zaidi, na tundu likaondoka. Bila shaka tatizo lililopanuliwa linaruhusu majibu ambayo injini haiwezi kuyatekeleza. Uzuri wa kazi yao uko kwenye uthibitisho: jibu bora la tatizo lililopanuliwa ni jibu halali la tatizo la asili. Wakati wa kuchagua jibu bora, uhuru ule wa ziada hautumiki kabisa. Tangu hapo kompyuta ndogo ya chombo iliweza kupata jibu kwa uhakika, ndani ya muda unaojulikana.

Njia hiyo ilijaribiwa katika jangwa la Mojave kwa roketi ndogo ya kampuni ya Masten, iitwayo Xombie. Lars Blackmore, mmoja wa waliokuwa wakiiendeleza, alihamia SpaceX, kampuni inayoziunda Falcon 9, na kuongoza kazi ya kuzitua. Naona fahari, kama mwalimu, kulisema hili: chini ya moto na ngurumo zile kuna uthibitisho ambao mwanafunzi wa shahada anaweza kuusoma na kuuelewa.

Vali, majimaji na miguu

Hata hivyo, uthibitisho mzuri hautoshi. Tarehe 31 Julai 1996 DC-X ilishuka vizuri, lakini mguu mmoja haukufunguka kwa sababu mpira wake wa hewa haukuwa umeunganishwa. Ikaanguka upande, ikaungua, na mpango mzima ukafa.

SpaceX nao walipita njia hiyohiyo. Januari 2015 roketi iliishiwa majimaji ya kuendesha mapezi yake muda mfupi kabla ya kutua, ikaligonga tishari lililokuwa likiisubiri baharini. Aprili 2015 vali ya kudhibiti msukumo ilichelewa kuitikia amri, roketi ikapinduka. Januari 2016 ilitua vizuri, kisha mguu mmoja ukashindwa kujifunga, ikalala. Kila mara chanzo kilitafutwa, kikaelezwa kwa umma, kikarekebishwa. Katikati ya mikosi hiyo, tarehe 23 Novemba 2015, New Shepard, roketi ya kampuni ya Blue Origin, ilivuka kimo cha kilomita 100 na kurudi kutua Texas. Na tarehe 21 Desemba, Falcon 9 ikapeleka setilaiti 11 kwenye mzingo wa Dunia na hatua yake ya kwanza ikatua Cape Canaveral. Machi 2017 hatua iliyokwisha kuruka iliruka tena. Oktoba 2024 hatua kubwa zaidi ya SpaceX, yenye injini 33, ilidakwa na mikono ya mnara wake wa kurushia, na Novemba 2025 hatua ya kwanza ya New Glenn, roketi nyingine ya Blue Origin, ikatua juu ya chombo baharini.

Sisi na hesabu hii

Falcon 9 nzima ina injini kumi, na hatua ya kwanza inaporudi, tisa kati yake zinarudi ili zitumike tena. Hapo ndipo penye siri ya kushuka kwa gharama za kurusha, na sisi tayari tu wateja wa gharama hizo. Mteja anaweza kuishia kununua tiketi. Chuo kikuu hakiruhusiwi kuishia hapo.

Tazameni gridi yetu ya umeme. Mtambo wa gesi nao una kiwango cha chini ambacho hauwezi kushuka bila kuzimwa. Anayeamua mtambo upi uzalishe nini saa hii, na bwawa lipi lihifadhi maji, anakutana na tundu la aina ileile, ingawa mbinu za kulishughulikia zinatofautiana. Anayeimudu hesabu ya kutua ana msingi wa kuihudumia nchi kabla hata hajaiona roketi.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, hesabu za udhibiti na za kutafuta maamuzi bora ziwe somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa uhandisi tangu mwaka wa pili. Programu za kuzitatua zinapatikana bure, na makala za msingi zimechapishwa. Pili, tuwe na karakana ambamo wanafunzi wataunda vyombo vidogo vya kupaa na kutua, kwa ruhusa ya wazi ya kuviangusha, mradi kila anguko liandikiwe ripoti inayosomwa mbele ya darasa zima. Alama zitolewe kwa ubora wa ripoti hiyo sawa na kwa ubora wa chombo.

Waliozitua roketi walianza kwa kupanda mita 46 na kushuka. Kimo hicho hakituzidi.