Rangi na Namba za Vichwa vya Treni

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka, Tabora)



Nilipoambiwa nichague mada, wenzangu walitazamia nizungumzie nidhamu, au maisha ya bwenini zamani. Mambo hayo mmekwisha kuyasikia mpaka mmeyachoka. Mimi nataka kuzungumza juu ya rangi zinazopakwa kwenye vichwa vya treni. Naona huko nyuma wameanza kucheka. Chekeni tu, lakini sikilizeni.

Katika mji huu, kuanza msafara kwa rangi si jambo la jana. Kabla ya reli, njia ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipita hapa, na Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo yake. Burton, Mwingereza aliyefika Kaze, yaani hapa hapa, mwaka 1857, ameeleza jinsi msafara ulivyotembea. Mbele alikwenda kirangozi, amevaa joho jekundu, kichwani ana ngozi ya mbega au manyoya ya ndege, mkononi ameshika bendera nyekundu ya Unguja, ambayo kwa kawaida ilikuwa imechanika kwa miiba ya njiani. Nyuma yake ngoma. Mtu aliyekuwa shambani alijua kwa mbali kwamba msafara unakuja, na alijua ni wa nani. Shikeni mambo hayo mawili, kwani kazi ya rangi kwenye injini ni hizo hizo mbili: kusema nani mwenye mali, na kusema jihadharini.

Tuanze na mwenye mali. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita. Waliojenga walikuwa Wajerumani. Mwezi Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji huu, kisha Waingereza wakaja na Tanganyika Railways yao. Mwaka 1948 reli ya Tanganyika ikaunganishwa na ile ya Kenya na Uganda, ikawa East African Railways and Harbours. Mwaka 1969 bandari zikatengwa. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, tukapata Shirika la Reli Tanzania, TRC. Mwaka 2007 ikaja TRL, kwa mkataba wa miaka 25 na kampuni ya RITES ya India iliyochukua asilimia 51 ya hisa. Miaka 25 haikufika hata mitano. Serikali ikarudishiwa hisa zake mwaka 2011, na kwa sheria ya mwaka 2017 tukarudi kwenye jina la TRC.

Hesabuni wenyewe mara ngapi fundi rangi ameitwa na ngazi yake, tina lake na brashi yake, akaambiwa futa herufi hizi, andika hizi. Mataruma yako pale pale, upana wa njia ni mita 1 ile ile waliyoiweka Wajerumani, stesheni ni ile ile. Ubavu wa injini ndio uliobadilishwa usemi kila mara.

Wazee wa rika langu wataikumbuka rangi ya East African Railways, ile tunayoiita damu ya mzee. Injini za mvuke za shirika lile zilipakwa rangi hiyo, na nyingine zilipewa majina kwenye vibao. Zile kubwa za klasi ya 60, aina ya Garratt, zilipewa majina ya magavana. Baada ya Uhuru vibao hivyo viling'olewa, na sidhani kuna mtu aliyelia. Lakini kulikuwa na nyingine zilizopewa majina ya makabila yetu, na hizo watu walizipenda. Klasi ya 30, iliyoundwa na North British ya Glasgow katika miaka ya 1955 na 1956, ilikuwa na tangi kubwa la maji kwa ajili ya sehemu kavu kama hizi zetu. Mojawapo ipo hadi leo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi: namba 3020, jina lake Nyaturu. Mnyaturu wa Singida amesimama Nairobi, na vijana wetu wengi hawana habari naye.

Sasa itazameni namba hiyo, 3020. Tarakimu mbili za kwanza ni klasi, mbili za mwisho ni injini yenyewe: ya 20 katika klasi ya 30. Utaratibu huu uliwekwa na East African Railways kwa nchi zote tatu. Injini za dizeli zilipokuja, nazo zikaingizwa humo humo: klasi ya 88 kutoka kiwanda cha MLW cha Montreal, Kanada, na klasi ya 73 kutoka Varanasi, India. Mwaka 1977 nchi tatu zikagombana, mpaka ukafungwa, mali zikagawanywa kwa maneno makali. Rangi ya Jumuiya ikafutwa. Namba hazikufutwa. Kenya iliendelea na klasi yake ya 87, sisi tukaendelea na 73 na 88, na Kenya ilipoagiza injini mpya za General Electric ikaziita klasi ya 93, kwa hesabu ile ile ya pamoja. Kwa maoni yangu, Jumuiya haikufa siku ile kama tulivyoambiwa. Ilibaki imeandikwa mbele ya kila kichwa cha treni, na dereva aliitaja kila alipojaza daftari lake.

Nije kwenye jambo la pili, na hapa nawataka hasa ninyi mnaokatiza relini kwenda mjini. Injini ya mvuke haikuhitaji rangi ya kuonya watu. Moshi ulionekana kabla yake, na ardhi ilitetemeka. Dizeli ilipokuja, moshi ule ulikwisha. Huko Uingereza katika miaka ya 1960 iligundulika kwamba wafanyakazi wa njia hawaisikii dizeli kama walivyoisikia ya mvuke. Ndipo nyuso za injini zikaanza kupakwa manjano, kwanza kipande, baadaye uso mzima. Marekani, kampuni ya Union Pacific ilikwisha kuchagua manjano tangu mwaka 1934, kwa ajili ya treni yake mpya, kwa sababu rangi hiyo huonekana kwa mbali.

Fikirini sasa kiangazi chetu, mwezi wa Septemba. Udongo mwekundu, majani ya miombo yamekauka, vumbi limesimama hewani, na juu ya reli kuna mazigazi. Damu ya mzee, kwa uzuri wake wote, katika hali hiyo ni rangi ya kujificha. Ndiyo sababu fundi hodari hutaka rangi mbili zinazopingana, nyepesi na nzito, zikutane kwenye pua ya injini. Jicho huona mpaka wa rangi mbili kabla ya kutambua umbo lenyewe. Na kwa kuwa dizeli zetu huweza kwenda upande wowote bila kugeuzwa, pua zote mbili zinastahili kutunzwa. Kupaka mbele na kuacha nyuma ni kazi nusu.

Upakaji wenyewe si lelemama. Kwanza ni kukwangua kutu na grisi, kisha msasa, kisha praima, kuziba mashimo, msasa tena, ndipo rangi. Anayeruka hatua moja ataona kazi yake inabanduka masika ya kwanza. Na ndani ya chumba cha mashine hupendelewa rangi nyepesi, si kwa urembo, bali ili mafuta yakivuja yaonekane mapema.

Vijana, njia mpya ya SGR, yenye upana wa milimita 1,435, inajengwa kuja huku kwetu. Kati ya Dar es Salaam na Dodoma treni za umeme zimeanza kubeba abiria tangu mwaka 2024, na ile yenye pua ndefu watu wameibatiza mchongoko. Zinakwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Kama dizeli ilikuwa kimya kuliko mvuke, hii ni kimya zaidi, na mtu aliyezoea kusikiliza kwanza ndipo akatize atakuwa amechelewa. Njia hiyo imewekewa uzio, na pamejengwa madaraja ya kuvukia. Yatumieni.

Nina ombi moja kwa wote. Katika nyumba nyingi za mji huu kuna picha ya babu aliyefanya kazi reli, amesimama kando ya injini, kofia mkononi. Picha hizo ni nyeusi na nyeupe. Namba inasomeka, rangi haimo. Kama babu huyo au bibi yuko hai, mpelekeeni picha wiki hii, mwulizeni injini ile ilikuwa na rangi gani, mstari ulipita wapi, herufi ziliandikwaje. Andikeni jibu nyuma ya picha kwa penseli, si kwa wino, maana wino hupenya. Kisha mleteeni Katibu aitoe nakala, na picha mrudi nayo nyumbani.

 Maswali yaanze na wale waliocheka.