Kaboni Iliyolala Chini ya Bahari

Msikilizaji, mwaka 2020 watafiti walikadiria kuwa mita 1 ya juu ya mashapo ya bahari zote duniani inahifadhi tani trilioni 2.3 hivi za kaboni, karibu maradufu ya ile iliyomo kwenye udongo wa nchi kavu. Wamejuaje? Bomba hudidimizwa topeni, sampuli hukaushwa, hupimwa uzito na kaboni yake, kisha kompyuta hukadiria kaboni ya sehemu ambazo hazijapimwa. Hapo ndipo pa kuangaliwa sana, maana tope laini la maghuba ya Uskoti limesheheni kaboni, ilhali mchanga wa chembe kubwa unayo kidogo mno. Kwa maoni yangu, nyavu za uvuvi zinazokokotwa kwenye sakafu ya bahari zisiruhusiwe kuvuruga tope ambalo halijapimwa.