Siku Mbili Katika Mji wa Kigali



Mtu wa Murusagamba akitaka kuuona mji mkuu wa nchi ya kigeni, hana haja ya kupanda eropleni wala kuvuka bahari. Miji mikuu miwili ya kigeni i karibu naye kuliko Dodoma, mji mkuu wetu sisi wenyewe: Gitega, uliofanywa mji mkuu wa Burundi mwaka 2019, na Kigali, mji mkuu wa Rwanda. Jioni hii twapenda kuwaelezeni safari ya Kigali tuliyoifanya siku ya Jumamosi na Jumapili pamoja na wanafunzi kumi na mmoja wa chuo cha ualimu. Walikuwa marafiki wa darasa moja, wakataka kutembea na kufurahi kabla ya kuendelea na mazoezi ya kufundisha. Nauli walichanga wenyewe; sisi tulikuwa kama mzazi wao njiani.

Ijumaa tulilala Ngara mjini. Alfajiri ya Jumamosi tukapanda motokaa ya kukodi, tukapita Nyakasanza na Benaco, hata tukafika Rusumo, mahali Mto Kagera unapoporomoka kwa kishindo kati ya nchi hizi mbili. Maji yale huzungusha mitambo ya umeme ya megawati 80, nao umeme hugawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Daraja la sasa lilifunguliwa mwaka 2016, pamoja na nyumba ya forodha ambamo maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya dari moja. Tulionyesha hati zetu za kusafiria, tukabadili shilingi kwa faranga, tukavuka.

Hapo wanafunzi walistaajabia mambo mawili. La kwanza, motokaa zilizokuwa zikienda upande wa kushoto zilianza kwenda upande wa kulia, maana ndiyo sheria ya Rwanda. La pili, saa zetu zilikuwa zimeitangulia saa ya wenyeji kwa saa moja kamili. Mmoja akauliza, “Je, jua la Rwanda si hili hili la Ngara?” Tukamjibu ya kuwa jua ni moja, ila Tanzania nzima hufuata saa ya nchi za mashariki, na Ngara iko mbali sana upande wa magharibi. Ninyi vijana mlio shuleni, simamisheni kijiti wima uwanjani, mkatazame kivuli chake. Huko Ngara kivuli hakifiki ufupi wake wa mwisho saa sita. Hufika yapata saa saba. Kwa hiyo saa ya Rwanda yapatana na jua letu kuliko saa yetu wenyewe.

Siku ile ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Katika Rwanda asubuhi ya siku hiyo ni ya kazi ya pamoja, iitwayo umuganda. Maduka hufungwa, na njia hunyamaza mpaka saa tano. Tulisimamishwa karibu na Kayonza, tukangoja. Watu wazima kwa vijana walikuwa wakizibua mifereji kwa majembe, mwenye viatu vizuri na asiye na viatu, safu moja. Kazi ilipokwisha waliketi chini ya miti wakazungumza habari za kijiji chao. Wanafunzi wetu walifahamu maneno mengi ya wenyeji bila ya mkalimani, kwa sababu Kihangaza na Kinyarwanda ni ndugu wa karibu. Waliposalimu, wazee walitikia wakidhani ni vijana wa kule kule.

Mchana tuliingia Kigali. Mji huu umejengwa juu ya vilima, na wakaaji wake walipata zaidi ya milioni moja na laki saba katika hesabu ya watu ya mwaka 2022. Njia zake ni safi mno. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, miaka kumi na mmoja kabla ya kwetu. Wenye pikipiki za abiria huchukua mtu mmoja tu, na abiria naye huvikwa kofia ngumu. Vijana wetu, waliozoea kupakiwa watatu juu ya pikipiki moja, walicheka, kisha wakanyamaza wakafikiri.

Tuliona nyumba ya Richard Kandt, Mdachi aliyeweka boma hapa mwaka 1907. Mwaka 1898 bwana huyu alikuwa amefuata mito inayouzaa Mto Kagera mpaka chemchemi ya Rukarara, akitafuta chanzo cha Nili. Siku hizo Ngara na Kigali zilikuwa chini ya bendera moja ya Wadachi. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 Wabelgiji wakapewa Rwanda na Burundi, na Waingereza wakapewa Tanganyika. Kigali ulifanywa mji mkuu Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962. Jioni tulitembea mtaa wa Nyamirambo, wenye misikiti ya zamani na wasemaji wengi wa Kiswahili, tukala wali na maharage kama tuko nyumbani. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha za serikali ya Rwanda.

Hata Jumapili, baada ya ibada, tulikwenda Gisozi. Huko furaha yetu ilituondoka. Wasikilizaji walio wazee wajua ya kwamba mwezi wa Aprili mwaka 1994 katika Rwanda yalianza mauaji makubwa. Kwa muda wa siku mia hivi waliuawa watu zaidi ya laki nane, wengi wao Watutsi. Gisozi ni mahali pa ukumbusho, palipofunguliwa mwaka 2004, na katika makaburi yake wamezikwa watu zaidi ya laki mbili na nusu.

Wanafunzi wetu hawakuwa wamezaliwa bado, lakini hesabu hiyo waliijua kwa njia nyingine. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu kama laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, kwa muda wa siku moja tu. Hawa si wale waliozikwa Gisozi. Wengi walikuwa wake kwa waume na watoto waliokimbia vita. Wengine kati yao walikuwa na damu mikononi. Wakapiga kambi Benaco, wakakaa mpaka mwisho wa mwaka 1996. Wazee wa Ngara wakumbuka maiti zilizoelea katika maporomoko ya Kagera. Wakumbuka pia miti iliyokatwa kwa kuni mpaka vilima vikawa uchi. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za kwetu jina la Mnyarwanda hutajwa kwa huruma siku moja, na kwa manung’uniko siku ya pili. Vijana wetu walikuwa wamelelewa na maneno ya namna zote mbili.

Kuna chumba cha picha za watoto. Chini ya picha imeandikwa umri wa mtoto, na chakula alichokipenda. Hapo mmoja wa wanafunzi alituuliza kwa sauti ndogo, “Mwalimu, chuki hii ilifundishwa wapi?”

Jibu la swali hilo lamhusu kila mwalimu. Katika miaka ya 1930 serikali ya Wabelgiji iliwapa watu vipande vilivyoandikwa kabila, Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na vipande hivyo vilidumu baada ya uhuru. Na katika shule nyingi mwalimu alikuwa akiwaamuru watoto wasimame kwa kabila zao, apate kuwahesabu. Wako watoto waliojua kabila lao mara ya kwanza siku hiyo, walirudi nyumbani kumwuliza mama, “Sisi ni nani?” Mwalimu hakushika panga. Alishika daftari tu. Lakini mtoto aliyesimamishwa peke yake mbele ya wenziwe hakusahau, wala wenziwe hawakusahau. Siku ya mauaji ilipofika, wako walimu waliowaficha wanafunzi wao, na wako waliowatoa wauawe. Siku hizi kipande cha Mnyarwanda hakiandikwi kabila.

Njiani kurudi motokaa ilikuwa kimya. Tulipofika Rusumo tulirudisha saa zetu mbele, tukashuka kutazama maji. Hapo vijana wakaanza kusemezana. Mmoja alisema kwamba katika shule ya mazoezi huwaita watoto wengine kwa asili ya wazazi wao, “wewe wa Burundi”, “wewe mkimbizi”, na darasa zima hucheka. Alisema kwa mzaha hufanya hivyo. Hakuna aliyemlaumu, maana karibu wote waliwahi kuusikia mzaha huo, au kuusema.

Basi, wasikilizaji wetu, tazameni miji ya jirani zenu mpatapo nafasi. Chukueni hati za kusafiria, fedha za kutosha, na moyo wa kusalimu watu. Mtaona mifereji iliyozibuliwa na njia zilizofagiwa, nayo ni mafundisho mema kwa kijiji chochote. Lakini ninyi walimu, na ninyi mnaotaka kuwa walimu, kumbukeni daftari la majina. Siku ya Jumatatu tulikwenda kumtazama kijana yule akifundisha. Alifungua daftari, akaita majina ya watoto arobaini na watatu, kila mtoto kwa jina lake, nao wakaitika.