Lupa, Adesi na Darubini: Mkopo Usiosikika



Kiserbia-Kikroatia kina maneno mawili ya kutajia kioo cha kukuzia: povećalo na lupa. La kwanza halina fumbo. Kitenzi povećati, yaani kukuza, kimetokana na veći, 'kubwa zaidi'. Na kiambishi -lo hutaja chombo, kama ki- yetu katika kipaza sauti.

Lupa ndilo linalopoteza watu. Lugha hiyohiyo ina lupa nyingine yenye maana ya mshindo, iliyotokana na lupati, 'kugonga'. Na mwanafunzi aliyetoka Chunya atakumbuka Lupa ya machimbo ya dhahabu. Hakuna undugu hapo. Lupa ya kioo ni loupe ya Kifaransa, iliyopitia Kijerumani.

Basi sikio ni shahidi dhaifu, na udhaifu wake huonekana zaidi tukiitazama lenzi yenyewe. Wakroatia huiita leća, Waserbia sočivo. Na kila neno kati ya hayo pia ni jina la adesi, ile nafaka ya jamii ya kunde. Chanzo ni Kilatini, ambamo lens ni adesi: kioo kilichobinuka pande zote mbili kilifananishwa na punje yake. Leća angalau lina mwangwi wa lens. Sočivo, neno la Kislavoni lenye umri mkubwa, halifanani nalo hata kidogo. Kilichokopwa ni wazo tupu. Kiarabu nacho kina adas ya kula na adasa ya kutazamia. Sisi tulipokea adesi kutoka Kiarabu, lakini lenzi tukaichukua kwa Waingereza. Adesi yetu ikabaki chunguni.

Kuna pia durbin, jina la darubini huko Bosnia. Mtu asiseme kwamba Wabosnia walikopa kwetu, wala sisi kwao. Asili ni Kiajemi: dur, 'mbali', na bin, 'mwenye kuona'. Kwao lilifika kupitia Kituruki cha Waosmani, waliotawala huko tangu 1463 hadi 1878. Kwetu lilifika kwa njia ya Bahari ya Hindi.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu huonyesha kwa kifupisho lugha ambayo neno limetoka. Darubini hupata alama yake bila taabu. Je, kipanya cha kompyuta? Sauti zake zote ni za Kibantu, na maana yake ni ya Kiingereza.