Picha ya Lebo kama Ushahidi: Kuwaruhusu Watumiaji Kupakia Picha katika Tovuti za Kumbukumbu za Mvinyo



Tovuti za kutunza kumbukumbu za mvinyo zilianza na maandishi matupu. Eric LeVine, aliyekuwa mfanyakazi wa Microsoft, alipoanza kuandika programu ya CellarTracker huko Seattle mwaka 2003, haja yake ilikuwa orodha ya chupa zake mwenyewe. Mwaka uliofuata akawafungulia watu wengine. Vivino, iliyoanzishwa Denmark mwaka 2010, ilikuja kwa mlango mwingine: mtu anaipiga picha lebo kwa simu, na programu inamtafutia mvinyo wenyewe. Mada yangu inahusu tovuti iliyo katikati ya njia hizo mbili, yaani ile ambayo tayari ina maelfu ya chupa zilizoorodheshwa kwa maneno na sasa inataka wenye chupa wapakie picha za lebo zao.

Kazi hii hudharauliwa. Huonekana ni kuongeza kitufe kimoja na folda moja kwenye seva, ukurasa ukapendeza, basi. Naomba tuitazame kwa uzito zaidi. Picha ya lebo ni ushahidi kwamba chupa fulani ilionekana, ikiwa na maneno fulani, kwa tarehe fulani. Tukilikubali hilo tangu mwanzo, maamuzi mengi ya kiufundi yatajipanga yenyewe. Tusipolikubali, tutajaza seva picha nzuri ambazo hakuna anayeweza kuzitegemea.

Picha ifungwe wapi?

Hifadhidata ya mvinyo ina ngazi tatu. Kuna mvinyo kwa jina lake, kuna mvinyo huo wa mwaka fulani wa mavuno, na kuna chupa moja iliyo mikononi mwa mtu. Tovuti nyingi huifunga picha kwenye ngazi ya kwanza kwa sababu ni rahisi: picha moja inahudumia miaka yote. Hapo ndipo uongo unapoanza.

Château Mouton Rothschild ya Bordeaux ndiyo mwalimu bora wa jambo hili. Tangu 1945 lebo yake ya karibu kila mwaka hupambwa kwa kazi ya msanii mwingine: Salvador Dalí mwaka 1958, Picasso mwaka 1973, Andy Warhol mwaka 1975. Ukiweka lebo ya Dalí kwenye ukurasa wa 1975, hata asiyewahi kuonja mvinyo ataona kosa. Lakini watengenezaji wengi hawabadilishi chochote ila tarakimu nne za mwaka, na kwao kosa kama hilo hujificha kwa miaka mingi. Mouton hiyohiyo inatuonya pia dhidi ya kufikiri kwamba kila mwaka una lebo moja tu. Mwaka 1993 mchoro ulikuwa wa Balthus, wa msichana aliye uchi. Baada ya malalamiko, chupa za soko la Marekani zilitoka zikiwa na nafasi tupu mahali pa mchoro. Mavuno ya mwaka mmoja yakawa na lebo mbili, zote halali. Mavuno ya 2000 hayakupewa lebo ya mbele ya karatasi kabisa. Badala yake, umbo la kondoo dume lilipambwa kwa rangi ya dhahabu juu ya kioo chenyewe. Mpangaji wa hifadhidata aliyetenga nafasi ya picha moja kwa kila mvinyo atakwama hapo.

Pendekezo langu ni kwamba kila picha ifungwe kwenye mwaka wa mavuno, iruhusiwe kuwa zaidi ya moja, na pale mtumiaji anapotaka, ifungwe kwenye chupa yake hasa. Na hata huo mwaka tusiuamini kupita kiasi. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, ilhali tovuti hizi zilijengwa na watu wa nchi ambako mzabibu huvunwa mara moja. Kwa mvinyo wa Dodoma, tarakimu za mwaka pekee hazitatenganisha mavuno mawili. Picha inayoonyesha namba ya bechi iliyopigwa chapa chupani inaweza kutenganisha.

Wapo watakaouliza kwa nini tusichukue picha rasmi tukaachana na usumbufu wa watumiaji. Swali ni la haki. Nchini Marekani, ofisi ya serikali iitwayo TTB huzipitisha lebo kabla mvinyo haujaingia sokoni, na rejista ya lebo zilizopitishwa iko wazi kwa umma pamoja na picha zake. Lakini mtengenezaji akibadilisha mwaka wa mavuno peke yake kwenye lebo, halazimiki kuomba kibali kipya. Kwa hiyo rejista hiyo, pamoja na ubora wake, haiwezi kutupa lebo ya kila mwaka. Tena inaonyesha karatasi kama ilivyopelekwa kuombewa kibali, kabla haijakutana na gundi, unyevu na miaka. Wenye chupa ndio walio na kile kinachokosekana.

Mbele na nyuma

Tovuti nyingi huomba picha ya mbele tu. Nafahamu sababu, kwani mbele ndiko kwenye uzuri, lakini nadhani ni hasara kubwa. Lebo ya nyuma ndiyo inayotaja mwagizaji, na mara nyingi ndiyo inayobeba matakwa ya sheria. Marekani ilianza kudai maneno ya kutaja salfaiti mwaka 1987, na onyo la serikali kuhusu afya likawa lazima kuanzia Novemba 1989. Chupa ya mavuno ya 1982 yenye onyo hilo mgongoni haikuuzwa Marekani ilipokuwa changa. Iliwekewa lebo ya soko hilo miaka kadhaa baadaye. Mnunuzi anayetaka kujua chupa ilipitia wapi amepata jibu, na jibu hilo halipo mbele hata kidogo. Huko Ulaya, mvinyo unaotengenezwa tangu tarehe 8 Desemba 2023 lazima utaje viambato na virutubishi, na sheria inaruhusu sehemu kubwa ya maelezo hayo yasomwe kwa simu kupitia msimbo wa QR. Msimbo huo ukiwa umekatwa kingo na mpiga picha, tumepoteza kitu.

Fomu ya kupakia basi iwe na nafasi mbili zilizo wazi, mbele na nyuma, na ya tatu kwa kizibo au kofia ya chupa. Maelekezo kwa mpiga picha yawe mafupi: asiwashe taa ya kamera ya simu, mwanga utoke pembeni, na lebo ikizunguka chupa kupita jicho la kamera, apige picha mbili badala ya kuibandua.

Mghushi naye anatazama

Mwezi Aprili 2008, chupa za Clos Saint-Denis zenye jina la Domaine Ponsot, zilizodaiwa kuwa za mavuno ya kati ya 1945 na 1971, zilipangwa kuuzwa mnadani New York. Laurent Ponsot alijua kwamba familia yake haikutengeneza mvinyo huo kabla ya miaka ya 1980. Alisafiri mwenyewe hadi mnadani, na chupa zikaondolewa. Aliyezileta alikuwa Rudy Kurniawan. Alikamatwa mwaka 2012, na nyumbani kwake California wapelelezi wakakuta maelfu ya lebo za kughushi. Alitiwa hatiani mwaka 2013, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 10.

Kisa hiki kinatugusa pande zote mbili. Tovuti yenye picha za chupa halisi za miaka mingi, kila moja na tarehe yake na jina la aliyeileta, humpa mnunuzi kitu cha kulinganisha: aina ya herufi, rangi ya karatasi, mahali lebo ilipobandikwa. Upande wa pili, lebo iliyoskaniwa ikiwa bapa, safi, kwa ubora wa juu, ni zawadi kwa mwenye printa na nia mbaya. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaohimiza watumiaji wabandue lebo na kuziskani. Mkusanyo wa lebo wa Profesa Maynard Amerine, ulioko maktaba ya Chuo Kikuu cha California, Davis, ni hazina ya historia, na maktaba ilifanya vema kuuomba umma usaidie kunakili maelezo ya lebo hizo. Lakini hiyo ni maktaba ya lebo. Sisi tunashughulika na chupa ambazo bado zinauzwa na kununuliwa. Tuombe picha ya lebo ikiwa chupani, tuhifadhi faili la asili mahali pasipofikiwa na umma, na tuonyeshe nakala ya ukubwa wa wastani, inayosomeka bila kufaa kuchapishwa upya.

Faili linapofika kwenye seva

Hapa nitaenda haraka, isipokuwa kwa jambo moja. Kanuni ya kwanza ni kutoamini jina la faili. Faili la JPEG hutambulika kwa baiti zake za mwanzo, FF D8 FF. Mkia wa jina unaweza kuandikwa na yeyote. SVG zikataliwe, kwa sababu zinaweza kubeba skripti. Simu za iPhone huweza kupiga picha za HEIC tangu mwaka 2017, kwa hiyo seva ijue kuzigeuza. Kila picha inayotolewa kwa umma isukwe upya kutoka kwenye pikseli zake, na programu inayofanya kazi hiyo itengwe na sehemu nyingine za seva: mwaka 2016 programu ya ImageMagick, inayotumiwa na tovuti zisizohesabika, iligundulika kuwa na tundu lililomwezesha mshambuliaji kuendesha amri kwa kupakia picha tu.

Jambo ninalotaka tulikazie macho ni zile taarifa ambazo simu huzificha ndani ya picha, zinazoitwa EXIF. Humo mna tarehe, mna mwelekeo wa simu ilivyoshikwa, na mara nyingi mna latitudo na longitudo za mahali picha ilipopigwa. Mtu aliyepiga picha chupa zake za thamani akiwa stoo kwake amemwonyesha mwizi kilichomo ndani na njia ya kukifikia. Hatari hii haivumiliki, na tusimwachie mtumiaji kazi ya kuijua. Seva izungushe kwanza pikseli kufuata mwelekeo ulioandikwa, la sivyo picha italala ubavu baada ya kusafishwa. Isome tarehe na kuihifadhi kwenye hifadhidata. Kisha ifute kila kilichobaki kwenye nakala ya umma. Hata faili la asili tunalolitunza lifutiwe taarifa za mahali picha ilipopigwa.

Haki za nani?

Picha ya lebo ina haki za tabaka mbili. Aliyebonyeza kamera ana haki yake: katika kesi ya mpiga picha Ets-Hokin dhidi ya kampuni ya Skyy Spirits, mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua mwaka 2000 kwamba picha ya chupa ya vodka inaweza kuwa na hakimiliki, ingawa mwaka 2003 ikafafanua kwamba ulinzi huo ni mwembamba. Chini yake kuna mchoro wa lebo wenyewe. Picasso alifariki mwaka 1973, na kwa sheria ya Ufaransa kazi zake zinalindwa kwa miaka 70 baada ya kifo. Masharti ya tovuti yaseme kwa Kiswahili chepesi kwamba mpakiaji anabaki na haki yake na anatupa ruhusa ya kuonyesha. Yaseme pia kitakachotokea akifunga akaunti. Napendelea jina lake liondoke na picha ibaki, mradi alikubali hivyo siku ya kupakia. Na kuwe na anwani inayojibiwa na binadamu kwa mwenye lebo atakayelalamika.

Limebaki suala la uhakiki. Picha ionekane mara moja kwa aliyeipakia, na kwa wengine baada ya kupitishwa na mtumiaji mwenye rekodi nzuri. Watumiaji wawili wakibishana kuhusu lebo ya mwaka uleule, msimamizi asikimbilie kufuta. Aziweke zote mbili, aandike ubishi ni upi, awaombe wote wawili picha ya nyuma, na asubiri chupa ya tatu.