Hita ya vifaranga: usiamini taa moja



Sisi wakazi wa Moshi tunaijua baridi ya kuanzia Juni hadi Agosti. Asubuhi mlima hauonekani, mawingu yamelalia migomba, na hata mjini watu hawavui masweta mpaka saa nne. Ukipanda kuelekea Kibosho, Machame au Marangu, mambo huzidi, maana kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Sasa mfikirie kifaranga wa siku moja, ambaye mwilini hana manyoya bali malaika tu. Huyo hawezi kujitunzia joto. Mama yake hayupo, na mama yake ni ile hita uliyomnunulia.

Miaka michache iliyopita shangazi yangu wa Kibosho aliniagiza nimnunulie hita mjini. Alikuwa amekopa fedha katika kikundi chao cha akina mama, akanunua vifaranga 100 wa kuku chotara, akitegemea kuwauza wakati wa Krismasi, pale Wachagga waliotawanyika nchi nzima wanaporudi nyumbani na kuku hakai sokoni. Mimi, msomi wa familia, nikauliza dukani balbu ipi ina joto kali kuliko zote. Nikapewa moja, nyekundu, ya wati 250. Nikaipeleka kwa majivuno.

Usiku wa tatu balbu ikaungua. Umeme ulikuwapo, balbu ndiyo iliyokufa. Kulipokucha, vifaranga 41 walikuwa wamekufa, wamelaliana pembeni kwa kutafuta joto. Shangazi hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, hiyo taa yako ililala kabla yangu." Lakini deni la kikundi halikulala.

Ndugu msikilizaji, kosa langu lilikuwa kuuliza hita ipi ina joto zaidi. Swali la kuuliza ni hili: ikiharibika usiku wa manane, itakuwaje? Hita yenye themostati, yaani kile kidude cha kujiwasha na kujizima, ina njia mbili za kuharibika. Inaweza kukataa kuwaka, au ikakataa kuzima. Ya kwanza huua kwa baridi, na ya pili huua kwa joto.

Dawa yake si ngeni. Wenzetu wa nchi za baridi wanaofuga samaki wa baharini na matumbawe katika matangi ya kioo wameijua siku nyingi: badala ya hita moja kubwa, wengi hufunga mbili ndogo. Moja ikifa, nyingine husukuma mpaka asubuhi. Moja ikikwama bila kuzima, peke yake haina nguvu ya kupika tangi zima kwa haraka. Kwa vifaranga ni vivyo hivyo. Nunua balbu mbili za wati 150, kila moja na soketi yake.

Balbu yenyewe uichague kwa makini. Balbu nyingi za siku hizi madukani ni za LED. Zinatoa mwanga mzuri na kula umeme kidogo, lakini joto lake ni dogo mno kwa kazi hii. Taja kabisa kwamba unataka balbu ya joto ya vifaranga. Kishikio kiwe cha kauri, kwa sababu cha plastiki huyeyuka. Uining'inize kwa mnyororo, usiuachie waya wa umeme kazi hiyo. Balbu ikidondokea maranda, utapoteza banda na pengine nyumba.

Kisha nunua kipimajoto, ukiweke usawa wa mgongo wa kifaranga. Juma la kwanza kisome nyuzi 32 hadi 35, halafu upunguze nyuzi 3 kila juma kwa kuinua balbu. Na uwaangalie vifaranga wenyewe. Wakirundikana chini ya taa, wanasikia baridi. Wakiikimbia na kuhema midomo wazi, wanaungua. Wakitawanyika, wakila na kulala popote, basi nawe nenda kalale.

Umeme ukikatika je? Hapo jiko la mkaa lina nafasi yake, lakini liwashwe nje mpaka mkaa ukolee, na lizungushiwe kinga ili vifaranga wasilifikie. Hata moshi ukiisha, mkaa unaendelea kutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaua kifaranga, na inamwua mtu anayelala chumba hicho. Acha upenyo wa hewa juu ya ukuta, na usilale humo.

Wazee wetu wa mlimani walilaza ng'ombe na mbuzi ndani ya nyumba moja na watu, moto ukiwaka mekoni. Daima kulikuwa na mtu karibu wa kuamka na kuuchochea. Sisi tumeuweka moto wetu kwenye waya, tukafunga mlango na kwenda kulala. Basi angalau tuuwekee mwenzake wa kukesha naye.

Shangazi alifuga tena mwaka uliofuata. Safari hiyo balbu zilikuwa mbili, na alizichagua mwenyewe.

Hadi juma lijalo panapo majaaliwa, kwaherini.