Haki ya Kukaa Nje: Somo kutoka Ukingo wa Mto Mbarali



Watu wa Skandinavia si wageni Tanzania, wala huku Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 1963 nchi zao zilishirikiana nasi kuanzisha kituo cha Kibaha, mkoani Pwani, na miaka ya 1970 zikasaidia kituo cha kilimo cha Uyole, huku huku kwenye barabara kuu inayopita Igawa. Tulijifunza kwao mbegu na ufugaji. Desturi yao moja hatukuitazama kwa makini: kwenda nje bila shughuli, jua liwake au theluji idondoke, mtoto na mzee, kwa ajili ya kutulia tu.

Desturi hiyo ina sheria nyuma yake. Norway iliiandika mwaka 1957. Mtu yeyote anaweza kutembea katika pori na milima isiyolimwa, hata ikiwa ni mali ya mtu binafsi, na akapiga hema lake alimradi awe meta 150 kutoka nyumba ya jirani. Katika shamba haruhusiwi, ila wakati wa baridi ardhi ikiwa imeganda au imefunikwa na theluji, kwa kuwa hapo hakuna zao la kukanyaga. Naipenda sheria hii kwa sababu imemfikiria mwenye shamba na mpita njia kwa pamoja.

Sisi Watanzania mwaka 1983 tulitunga Sheria ya Nguvu Kazi. Hali ya uchumi ilikuwa mbaya, na serikali ilitaka kila mwenye nguvu azalishe. Mijini watu walikamatwa kwa uzururaji, wengine wakapelekwa mashambani. Siwalaumu waliokuwa na njaa ya taifa mbele ya macho yao. Lakini jicho lile la kumshuku mtu anayetembea bila jembe wala ndoo bado tunalo. Kijana akikaa jioni kando ya mfereji anaulizwa anamvizia nani. Akiwa binti, atasemwa mpaka nyumbani kwao.

Najua mtaniambia: watu wa Igawa wako nje kutwa nzima, wafundishwe nini tena? Ni kweli wako nje. Wanainama kwenye majaruba wakipandikiza mpunga, miguu majini penye kichocho. Wanakimbilia madirisha ya mabasi na beseni kichwani. Mama anakwenda kisimani, anarudi, anakwenda tena. Nje hiyo ni kazini, na jua lake ni la kuvumilia. Mapumziko yao yako ndani: kwenye kibanda cha luninga, baa, au chumbani. Huko juu Makambako na Njombe, kipupwe kikikaza, watu hujifungia na jiko la mkaa, na kila mwaka napata hofu, kwa sababu hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua mtu usingizini. Koti zito na matembezi ya saa nne asubuhi ni salama kuliko jiko lile.

Ushahidi wa kitabibu wa faida ya mandhari ya asili upo. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti kutoka hospitali moja ya Pennsylvania: wagonjwa waliopasuliwa nyongo na kulazwa mahali dirisha linapoelekea miti walitoka mapema, na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Mwaka 2019 utafiti wa watu wapatao 20,000 Uingereza ulionyesha kwamba waliopata angalau dakika 120 kwa wiki penye miti, mito au bustani za umma walieleza afya na utulivu bora zaidi. Utafiti huo wa pili hauthibitishi chanzo, kwani mwenye afya naye hutoka zaidi. Hata hivyo saa mbili kwa wiki si gharama ya kuogopa.

Saa hizo zitumike wapi, basi? Igawa imekua kwa kufuata lami, na viwanja vinajaa. Lakini mto Mbarali unapita pale pale. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Wananchi wanaifahamu sheria hiyo siku afisa anapokuja kukataza vinyungu vyao, yaani bustani zao za bondeni. Sweden nayo ina ukanda wake, meta 100 kwa kawaida, lakini uliwekwa kwanza ili mwananchi asije akafungiwa ufuko na mwenye pesa. Hifadhi ya wanyama na mimea iliongezwa katika malengo yake baadaye. Sisi tumeulinda mto dhidi ya watu, na kwa hiyo watu hawana sababu ya kuulinda.

Kukaa chini ya mkuyu si shughuli ya kudumu, wala hakuharibu mto. Napendekeza ukanda wa meta 60 pale Igawa upewe njia ya miguu upande wa juu, mbali na maji ya kichocho na mafuriko, pamoja na miti ya asili na mabenchi. Ukubaliwe kuwa wa kila mtu, na hasa wa wanawake, mchana na alasiri, kabla mbu hawajaamka. Wafugaji watengewe sehemu yao ya kunyweshea, ijulikane na iheshimiwe, la sivyo njia hiyo itakuwa ugomvi mwingine wa wakulima na wafugaji katika bonde hili la Usangu. Wenye vinyungu wasiondolewe kabla ya kuonyeshwa pengine pa kulima.

Hili halihitaji kusubiri Bunge. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikapitishwa na halmashauri ya wilaya iliyoko Rujewa. Wanafunzi wa mipango miji na wa sheria wa chuo chetu wanaweza kuandaa rasimu na ramani pamoja na wanakijiji katika muhula mmoja, na kuzipeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji.